Nani Aliwapepea Matajiri wa Pate? Uhakiki wa "Al-Inkishafi"

Mwalimu mwenzangu, mpe mtahiniwa wa Kibera au Kawangware utenzi wa "Al-Inkishafi" kisha umwulize dhamira yake. Aghalabu atajibu kwamba dunia ni mapito na mali haizuii mauti. Amepata, lakini akikomea hapo utenzi unageuka mawaidha ya matanga, na mji wa Pate unazikwa mara ya pili.

Ifahamike kwamba mtunzi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anasimama mbele ya magofu ya mji halisi. Pate ilikuwa bandari katika visiwa vya Lamu. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, yakarudi na kusi yakiwa na pembe za ndovu na boriti za mikoko. Ndiyo sababu utenzini mna vidaka vya ukutani vya kupangia sahani za kauri, na taa za bilauri na shaba. Ewe mtahiniwa, usiseme hizo ni taswira tu ukaenda zako. Hiyo ni shehena ya majahazi. Makinda ya ndege yanapolala vidakani na bundi kulia ndani, tunaonyeshwa bandari ambayo biashara yake imekatika.

Mtunzi anaulaumu moyo ulioghurika. Historia inataja mengine: Wareno, ugomvi wa kiti cha usultani, na vita vya Shela vya takriban 1812, ambapo watu wa Lamu waliishinda Pate na Wamazrui wa Mombasa, kisha wakaomba ulinzi wa Oman. Hayo utenzi hauyasemi, nasi tusiulazimishe kuyasema.

Kuhusu fani, beti zina mishororo 4 yenye mizani 10, na moyo unasemeshwa kama mtu kwa maswali ya balagha. (Wapo watahiniwa wanaohesabu mizani hadi muda ukaisha!)

Lililo zito zaidi ni hili. Matajiri wa Pate wanaulizwa waliko, baadhi kwa majina. Ali bin Nasiri ni mmoja wao. Lakini vitandani mwao wapo pia watu wanaowakanda, wanaowapepea na wanawake wanaowatumbuiza. Hao wametajwa kama sahani zilivyotajwa, kuonyesha ukwasi wa mabwana. Je, wao hawakufa? Mtunzi mwenye jicho kali hivi kwa vumbi la vidakani hakuwauliza waliko. Naona huo ni upungufu wa utenzi, hata kama ni utenzi ninaoupenda kuliko tenzi zote.

Sikuligundua mimi. Kawangware akina mama wengi huenda kila asubuhi kufua na kupika katika nyumba za Lavington. Msichana mmoja wa huko aliniuliza darasani, "Mwalimu, hawa wanaopepea wanaitwaje?" Nilipekua beti zote nisipate jina hata moja. Insha yake haikutaja mauti popote, nami nilimpa alama zote za uhakiki.