Doha: Walikwepa Jua, Wakasahau Unyevu

Wanaosema marathoni ya wanawake ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, Doha 2019, iliharibiwa na joto wanawasamehe waandaaji bure. Joto la Ghuba mwezi Septemba halijawahi kuwa siri. Kilichoharibu ni uamuzi wa kuanza saa 5:59 usiku, kana kwamba adui ni jua peke yake. Mbio zilipoanza, hewa ya Corniche, barabara ya ufukweni mwa Doha, ilikuwa na nyuzijoto 32.7 na unyevu wa asilimia 73. Sasa piga hesabu ya mwili. Ngozi ya mkimbiaji ina nyuzi kama 35, kwa hiyo hewa ya namna hiyo haimpunguzii joto la maana. Linabaki jasho, nalo halipozi kwa kutoka bali kwa kukauka. Kukauka kunategemea mvuke uliokwisha kujaa hewani, na mvuke haujali saa, hasa barabara inapopakana na bahari iliyopashwa moto kiangazi kizima. Anika shati Mombasa usiku wa masika: hakuna jua la kulichoma, lakini alfajiri utalikuta bado bichi. Ndivyo zilivyokuwa fulana tulizoziona zimeganda migongoni, huku wahudumu wakikimbizana na viti vya magurudumu. Kati ya wakimbiaji 68, 28 hawakumaliza, wakiwemo Waethiopia wote watatu. Ruth Chepngetich alijibana vizuri, akashinda kwa 2:32:43.

Watetezi wa waandaaji wana hoja mbili. Ya kwanza, wanaume walikimbia usiku wa Oktoba 5, saa ileile, na 55 kati ya 73 wakamaliza. Lelisa Desisa akashinda kwa 2:10:40. Kweli kabisa, ila usiku huo unyevu ulikuwa kama asilimia 50 tu na joto nyuzi 29. Saa ni ileile, lami ni ileile, kilichobadilika ni hewa. Hoja hiyo inawashitaki wenyewe. Ya pili, kwamba mchana ungekuwa mbaya zaidi. Nani alitaka mchana? Kilichohitaji kusogezwa ni kalenda, si mshale wa saa. FIFA ililisukuma Kombe la Dunia la 2022 hadi Novemba na dunia haikuanguka. Na safu hii haitachoka kulirudia hili: Uwanja wa Khalifa ulipozwa kwa mitambo kwa ajili ya watu wa sekunde 10, wa saa mbili na nusu wakapewa barafu na sponji. Mbio za barabarani siku zote hupewa makombo.

Wapo pia wanaodai wakimbiaji wa leo wamelegea. Hapo nakubali kidogo, maana wawekaji kasi na viatu vya kaboni vimezaa kizazi kinachokimbiza saa kuliko mpinzani. Catherine Ndereba hakuwa hivyo: kwenye mashindano hayohayo ya dunia, Osaka 2007, ndani ya fukuto, alivizia hadi mwisho akatwaa dhahabu kwa tofauti ya sekunde 8. Aliyemkaribia kwa roho Doha ni Edna Kiplagat, akigonga miaka 40, wa nne. Lakini hata Ndereba alihitaji jasho lake likauke. Majuma machache baada ya Doha, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, kwa kuhofia joto, iliiondoa marathoni ya Olimpiki Tokyo, ikaipeleka Sapporo. Ilianza kwa kuhamisha mahali. Saa ikasogezwa baadaye, mkesha wa mbio za wanawake, na Peres Jepchirchir akashinda kwa 2:27:20.