Anza na Miguu: Namna ya Kumtambua Mtu Bora wa Mstari

Anayetazama futiboli ya Kimarekani kwa kuufuata mpira atawajua warushaji, wakimbiaji na wadakaji, lakini hatawajua kamwe wale watu watano wanaowapa nafasi ya kucheza. Husimama katikati ya mstari bega kwa bega, wengi wao wakiwa na kilo 140 au zaidi, na sheria haiwaruhusu kudaka pasi mpaka wajitambulishe kwanza kwa mwamuzi. Takwimu zao hazipo. Mrushaji huhesabiwa yadi, mkimbiaji huhesabiwa mabao, na beki anayemwangusha mrushaji amekuwa akihesabiwa maangusho rasmi tangu mwaka 1982. Mtu wa mstari huhesabiwa makosa tu. Basi anayetaka kumjua aliye bora hana budi kujifunza kutazama, kama seremala anavyopitisha kiganja juu ya mlango kabla hajauliza bei.

Tuelewane majina kwanza. Mchezo huu hauendi mfululizo kama kandanda. Huchezwa kwa mikupuo ya sekunde chache chache, na kila mkupuo una mpango wake. Mkupuo huanza pale senta, aliye katikati, anapoupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake. Kulia na kushoto kwake wapo gadi wawili, na pembeni yao takli wawili. Watu wa pwani watalipenda hilo jina la gadi, kwa sababu gadi wanaijua: ni mti unaoegemezwa ubavuni mwa chombo kilichopwelewa ili kisilale upande. Sijaona maelezo mafupi ya kazi hii yaliyo bora kuliko hayo.

Kati ya watano hao, takli wa kushoto ndiye anayetazamwa zaidi. Warushaji wengi hutumia mkono wa kulia, na wakijiweka tayari kurusha, mgongo wao hugeukia kushoto. Usiku wa tarehe 18 Novemba 1985, Lawrence Taylor wa New York Giants alimwangukia mrushaji wa Washington, Joe Theismann, mguu ukavunjika mbele ya televisheni, na Theismann hakucheza tena maishani. Enzi ya mabeki wa aina ya Taylor ndiyo iliyozifundisha timu kulipa fedha nyingi kwa mtu wa kuulinda upande ule.

Anza na miguu. Takli anayelinda hurudi kinyumenyume huku uso wake ukitazama mbele, na anatakiwa kurudi kwa kasi ya kutosha kumkatia njia beki aliye mwepesi kuliko yeye anayekuja mbio kwa kasi yake yote. Mguu wa nje hutangulia nyuma, wa ndani hufuata kwa kuburuzwa karibu na nyasi. Miguu haigusani. Haipishani. Wakati wote kuna upana wa mabega kati yake, kwa sababu mguu ukishapita mbele ya mwenzake, mtu wa kilo 140 anasukumwa kwa kiganja kimoja. Mimi huchukua gazeti nikafunika nusu ya juu ya skrini, nikatazama kiuno kwenda chini tu. Ukifanya hivyo kwa mikupuo kumi utaona mambo ambayo hukuyaona kwa msimu mzima. Ukiona visigino vimegongana, weka alama ya kasoro hata kama pasi ilifika salama. Beki hakuiona nafasi safari hiyo. Wiki ijayo yupo atakayeiona.

Kisha tazama magoti na kiuno. Aliye bora hupinda magoti, mgongo ukabaki wima, kama mtu aliyekaa kwenye kigoda kisichoonekana. Aliye dhaifu hupinda kiuno, kichwa kikatangulia, na kuanzia hapo anaomba asivutwe. Makocha wa mstari huuchukia ugonjwa wa kuegemea kuliko udhaifu wa misuli, na wana haki. Nguvu huongezwa katika chumba cha vyuma. Kuegemea ni tabia, na tabia hukaa mwilini.

Walter Jones wa Seattle Seahawks ndiye ninayemwonyesha mtu anayeanza kujifunza. Alicheza misimu 12, kuanzia 1997 hadi 2008, na katika muda wote huo waamuzi walimwadhibu kwa kosa la kushika mara 9 tu. Kosa hilo huigharimu timu yadi 10, na karibu kila mara chanzo chake ni miguu: mtu amechelewa kufika, beki anampita, mkono unarukia jezi. Jones hakuhitaji kushika kwa sababu alikuwa amekwisha kufika. Ukimtazama katika picha za zamani utadhani anatembea.

Jordan Mailata naye anathibitisha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Alilelewa Sydney akicheza raga ya ligi, hakuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani hata mara moja, na mwaka 2018, katika uteuzi ambamo timu za ligi ya Kimarekani huchukua wachezaji wapya kwa zamu, Philadelphia Eagles walimteua raundi ya mwisho, akiwa wa 233. Sheria hazijui, istilahi hazijui. Walichokiona kwa kijana yule mwenye urefu wa mita mbili na zaidi ni namna miguu ilivyoubeba mwili mzito bila kelele. Februari 2025 alikuwa takli wa kushoto wa mabingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Kwetu, ligi hiyo ilifanya kambi ya kusaka vipaji Nairobi mwaka 2023, na kabla yake Daniel Adongo, mwanaraga wa Kenya, alikwisha kuvaa jezi ya Indianapolis Colts tangu 2013, ingawa yeye alikuwa upande wa mabeki. Kijana aliyepikwa kwenye skramu anayajua tayari nusu ya haya ninayoyaandika.

Baada ya miguu, mikono. Hapa historia inasaidia. Hadi mwaka 1978 mtu wa mstari aliyemlinda mrushaji hakuruhusiwa kunyoosha mikono na kufungua viganja. Alikunja ngumi karibu na kifua akapigana kwa mabega, kwa viwiko na, kwa bahati mbaya, kwa kichwa. Mwaka huo sheria ilibadilishwa, na ufundi mpya ukazaliwa. Sasa angalia viganja vinatua wapi. Vikitua ndani, juu ya kifua cha beki, viwiko vikiwa karibu na mbavu na vidole gumba vikitazama juu, aliyetangulia kushika hatamu ni mlinzi. Vikitua nje, mabegani, hatamu ameishika beki, na mwamuzi anaanza kukitafuta kitambaa chake cha njano. Angalia pia wakati. Pigo la mapema hukuta hewa, la kuchelewa hukuta beki ameshaingia. Na mwenye ufundi hatumi mikono yote miwili kwa pamoja kila mara: hutuma mmoja, akabakiza wa pili wa kumalizia.

Anthony Muñoz alitoka Chuo Kikuu cha Southern California mwaka 1980 akiwa na magoti yaliyopasuliwa mara kadhaa, na timu nyingi zikaogopa. Kocha wa Cincinnati Bengals, Forrest Gregg, ambaye mwenyewe alikuwa takli mkubwa wa Green Bay Packers, alikwenda kumjaribu kwa mwili wake. Alimfanyisha mazoezi, kisha akajifanya beki akamjia kwa hila. Muñoz alirusha mikono bila kufikiri na kocha akajikuta chali kwenye nyasi. Kijana akaanza kuomba radhi. Gregg alikuwa anacheka. Bengals wakamchukua akiwa wa 3. Gregg hakuhitaji kipimo kingine, kwa sababu mikono inayotangulia akili haifundishwi kwa msimu mmoja.

Lipo jambo la tatu, nami huliita kutia nanga. Beki akiona hapiti pembeni, atamjia mlinzi kifuani ampeleke moja kwa moja hadi kwa mrushaji. Kila mlinzi atasukumwa hatua moja au mbili, hata walio bora. Tofauti ni kinachofuata. Mzuri hushusha makalio, huruka kidogo nyuma, miguu yote miwili ikatua kwa pamoja, na pale pale safari inakoma. Tazama nyasi zinavyong'oka chini ya viatu vyake. Asiye na nanga hujibu kwa mgongo, na mgongo hukubali.

Gadi na senta hupimwa kwa macho mengine, maana wao hawana uwanja mpana wa kurudi. Pigo liko puani mwao papo hapo. Kwao tafuta macho. Mabeki hupenda kupishana: mmoja anaingia ndani, mwenzake anazunguka nyuma yake aingie nje. Walinzi wawili wanaoelewana hukabidhiana watu hao bila kugongana, kama mafundi wawili wanaopokezana matofali. Wasioelewana humfuata mtu mmoja wote wawili, na mlango unabaki wazi. Kwa njia za wakimbiaji, kipimo ni mtu wa pili: gadi humsukuma beki wa kwanza akishirikiana na mwenzake, kisha hujitoa kwa wakati wake kwenda kumzuia mwingine aliye nyuma. Jason Kelce, senta wa Philadelphia, aliteuliwa wa 191 mwaka 2011 kwa sababu alionekana mdogo wa mwili. Alidumu misimu 13. Wepesi wa kumfikia yule mtu wa pili, pamoja na kichwa kilichosoma mpango wa wapinzani kabla mpira haujatoka mkononi mwake, ulizidi kilo alizopungukiwa.

Jihadhari na vitu vitatu vinavyodanganya. Cha kwanza ni kumwangusha mtu chali, jambo ambalo Wamarekani hulifananisha na chapati iliyolala kikaangoni na televisheni hulirudia mara nne. Ni tamu kutazama, lakini mengi ya maangusho hayo hutokea beki akiwa amekwisha kupoteza mizani. Cha pili ni ukubwa na vipimo vya mazoezini. Larry Allen wa Dallas aliwahi kuinua kilo 317 akiwa amelala kwenye benchi, na ni kweli alikuwa gadi wa kutisha. Lakini kilichonifungua macho mimi ni siku aliyomkimbiza beki wa New Orleans aliyeiba mpira, mwaka 1994, akampata kabla hajafunga.

Cha tatu ni ushindi wa timu, na hiki ndicho kinachowapotosha wengi. Joe Thomas aliteuliwa wa 3 na Cleveland Browns mwaka 2007, siku ambayo yeye alikuwa Ziwa Michigan akivua samaki na baba yake badala ya kwenda New York kupigwa picha. Alicheza misimu 11 katika timu ileile, iliyobadilisha warushaji wapatao 20, na hakuonja hata mchezo mmoja wa mtoano. Mkupuo wa kwanza aliuanza Septemba 2007. Hakutoka. Homa, magoti, mvua ya theluji, mchezo uliokwisha kupotea: hakutoka. Alifikisha mikupuo 10,363 mfululizo, hadi tarehe 22 Oktoba 2017 msuli wa nyuma ya mkono wake wa kushoto ulipokatika dhidi ya Tennessee. Mwaka 2023 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo huko Canton, Ohio, katika mwaka wake wa kwanza wa kustahili. Waliompigia kura walikuwa wamejifunza kutazama. Thomas alibadilisha namna ya kurudi nyuma mara kwa mara, leo hatua tatu fupi, mkupuo unaofuata akamfuata beki pale pale, hivi kwamba beki hakujua watakutana wapi. Nani angeyajua hayo kwa kusoma msimamo wa ligi?

Nami sikubali kumaliza hukumu bila kutazama kichwa, maana kazi hii inaua taratibu. Mike Webster alikuwa senta wa Pittsburgh Steelers kuanzia 1974, akashinda Super Bowl nne, na vizazi vya mashabiki vilimwita wa chuma. Alifariki Septemba 2002 akiwa na miaka 50, baada ya miaka ya kupotewa na kumbukumbu na kulala garini. Daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, ndiye aliyeuchunguza ubongo wake mjini Pittsburgh akakuta madhara ya kugongwa kichwa maelfu ya mara, na mwaka 2005 alichapisha matokeo hayo pamoja na wenzake. Ukimwona mlinzi anayeanza kila mkupuo kwa kipaji cha uso, usimwite shujaa. Ana kasoro ya ufundi, na ni kasoro mbaya kuliko zote, kwa sababu mikono ingeweza kuifanya kazi ile ile.

Michezo ya mapema ya Jumapili huanza saa 2 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na saa 3 usiku Marekani wakisharudisha saa nyuma mwezi Novemba. Chagua jezi moja kati ya namba 50 na 79, usiiache kwa robo nzima, na picha za marudio zinazopigwa kutoka nyuma ya mrushaji uzithamini kuliko zote.

Ukiniuliza mimi nani alikuwa bora, nitakujibu Muñoz. Thomas alidumu bila kutoka, Jones alitembea mahali ambapo wengine walikimbia, lakini Muñoz alikuwa na miguu, mikono na nanga kwa kiwango kimoja, juu ya magoti ambayo madaktari waliyakataa. Alicheza michezo 185 kwa Cincinnati katika misimu 13. Na zile mara chache alizojitambulisha kwa mwamuzi ili aruhusiwe kudaka, alidaka pasi 7, nne kati yake zikiwa mabao.