Ustadi wa Silabi Moja

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, lakini mji huo hauna ufuko. Kisarawe nayo, wilaya ya mkoa huohuo, imezungukwa na nchi kavu pande zote. Anayetaka kuiona bahari ashuke Bagamoyo au Mkuranga, au avuke kwenda Mafia. Jina la mkoa, hata hivyo, limebeba kazi ya ufundi ambayo wakazi wa wilaya hizo huifanya kutwa bila kuisifu. Maji ya bahari yakirudi nyuma, yanapwa. Tia -ni mwishoni, umepata mahali yanapopwa.

Sarufi huiita -ni hiyo kiambishi tamati cha mahali. Nyumba ni kitu, ina kuta na paa, nasi husema nyumba yangu. Ikishavaa -ni haihesabiwi tena kuwa kitu, imekuwa mahali, na maneno yanayoifuata hayana budi kugeuka: nyumbani kwangu, nyumbani pangu, nyumbani mwangu. Utamu uko hapo kwenye kugeuka. Chukua mapango ya Pugu, katika msitu wa Kisarawe, mahandaki yaliyochimbwa zamani kutafuta kaolini, ule udongo mweupe wa vyombo. Mtu akisema "pangoni pana popo", amekuelekeza mahali mahususi, kama anayenyoosha kidole. Akisema "pangoni kuna popo", amekupa habari ya jumla. Akisema "pangoni mna popo", basi wamo ndani, gizani, na anayeingia ajue. Neno pangoni halikubadilika hata herufi moja. Kiambishi kimesema tu kwamba hapa ni mahali, kikawaachia pa-, ku- na m- waeleze ni mahali pa namna gani. Mgawanyo huo wa kazi ndio unaonifanya nikistahi.

Kina mipaka yake pia, na mipaka hiyo ina akili. Kwa kawaida hakiwekwi juu ya mtu: hatwendi fundini, twenda kwa fundi. Ndiyo maana Kibaha ina mitaa iitwayo Kwa Mathias na Kwa Mfipa. Majina ya miji hayakihitaji, maana tayari ni mahali. Twenda Kibaha, twarudi Kisarawe, basi. Nomino yenye sifa nayo hukikwepa: abiria hushuka stendini, lakini taa zimefungwa katika stendi mpya. Anayesema "katika stendini" amefanya kazi moja mara mbili.

Silabi hii imetoka wapi? Si Wabantu wote wanaoweka alama ya mahali mwishoni. Mhaya akiwa nyumbani husema omunju, alama imetangulia. Lakini Mzulu husema endlini, Mkikuyu naye akiwa shambani husema mũgũndainĩ, na hapo sehemu ya mwisho inasikika ikiwa ndefu kuliko yetu. Mwaka 1994 wanaisimu Ridder Samsom na Thilo Schadeberg walichapisha makala kwa Kiswahili, "Kiinimacho cha mahali", wakipendekeza kwamba asili ya -ni ni neno ini, kiungo hiki cha mwilini. Hoja yao haishangazi ukiitafakari: ini liko ndani, na neno la kiungo cha ndani likaja kumaanisha undani wenyewe, kisha likapungua hadi kuwa silabi moja. Kiingereza nacho kimepita njia ya jirani. Kiambishi chake -ly, kinachogeuza kivumishi kuwa kielezi, kilitokana na neno la kale lic, lililomaanisha mwili au umbo. Lugha mbili zisizo na undugu zilichukua neno la mwilini, zikalisaga kwa vizazi, zikabaki na chombo cha sarufi.

Na chombo hicho hakijachakaa. Stendi, hospitali, ofisi na hoteli ni maneno yaliyotoka mbali, yote yakapokea -ni bila ugomvi. Ulipokuja mtandao, kitu kisicho na ardhi wala mlango, ukapewa -ni papo hapo, ukawa mahali: mtandaoni. Sikiliza sasa wauzaji wa Maili Moja, mjini Kibaha. Mteja amesimama hapo stendini, lakini bei ameiona huko mtandaoni. Stendi huonyeshwa kwa kidole, mtandao hauonyesheki, na hapo na huko vimegawana kazi kwa usahihi ambao hakuna mwalimu aliyewafundisha.