Mahari ya Mara ya Pili

Ruthu Mmoabi aliokota masazo katika shamba la Boazi tangu asubuhi, na jioni alipoyapura akapata shayiri kama efa moja. Msomaji naye huokota hivyo hivyo: ukurasa hapa, sura kule, na mwisho wa wiki anatazama kilichomo kapuni. Wiki hii kapuni mwangu mna vitu vitatu vidogo na kimoja kikubwa, na vyote vinne vinauliza swali moja. Nawashirikisha, wapendwa, kwa sababu swali lenyewe linatuhusu sisi tunaoishi kwenye ukanda huu wa dhahabu.

Cha kwanza nimekiokota katika Hosea sura ya tatu. Bwana anamtuma nabii akampende tena mwanamke aliyezini. Hosea anakwenda na kumnunua kwa vipande 15 vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri. Ukifungua Kutoka 21:32 utaona kwamba fidia ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe ilikuwa shekeli 30. Wapo wafafanuzi wanaoona kwamba ile shayiri ilijazia nusu iliyopungua, kana kwamba fedha zilimwishia nabii, akaingia ghalani. Sisi tunaojua maana ya kuhesabu ng'ombe wa mahari hatuhitaji kuelezwa uzito wake. Mtu analipa tena kwa ajili ya mke ambaye tayari ni wake.

Cha pili ni ukoo wa Bwana wetu katika Mathayo sura ya kwanza. Kabla ya kufika kwa Mariamu, wanatajwa Tamari aliyejifanya kahaba kando ya njia, Rahabu kahaba wa Yeriko, Ruthu mgeni kutoka Moabu, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Mathayo angeweza kuwaruka, maana akina baba walikuwa wa kutosha kujaza orodha. Hakuwaruka.

Cha tatu ni riwaya ya kwetu Kanda ya Ziwa, Rosa Mistika, ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe. Ilitoka mwaka 1971, ikazuiwa shuleni kwa muda, na baadaye ikaja kusomwa na wanafunzi wa fasihi. Wengi tunaikumbuka kama kitabu cha aibu. Nitairudia baadaye, maana ni kitabu cha huzuni zaidi kuliko cha aibu.

Kile kikubwa ni riwaya ya mapenzi ninayoipenda kuliko zote za aina yake: Redeeming Love, yaani Upendo Unaokomboa, ya Francine Rivers wa Marekani. Mama huyu aliandika hadithi za mapenzi ya kidunia kwa miaka kadhaa kabla ya kuokoka. Riwaya hii, iliyotoka mwaka 1991, ndiyo iliyomjulisha kwa wasomaji Wakristo wa nchi nyingi. Amechukua habari ya Hosea na Gomeri, akaipeleka California ya mwaka 1850.

Hapo ndipo kitabu kinapotugusa. Dhahabu ilikuwa imeonekana California Januari 1848, na mwaka uliofuata watu wakamiminika kutoka kila upande wa dunia. Ilikuwa rashi, kama wachimbaji wetu wanavyosema. Mtu aliyewahi kufika Kakola, Mwime au Nyarugusu habari za mduara mpya zinaposambaa, anaijua California hiyo bila kupanda ndege. Wanaume wengi wako mbali na wake zao, pesa inapatikana usiku na kuisha kabla ya asubuhi. Nyuma yao zinafuata baa na gesti, na nyuma ya hizo wanafuata mabinti.

Binti wa riwaya anaitwa Angel. Aliuzwa akiwa mtoto mdogo, na sasa yuko katika danguro la kijiji cha wachimbaji, hamwamini Mungu wala mwanadamu. Mkulima mmoja, Michael Hosea, anasikia moyoni kwamba huyu ndiye mke aliyeandaliwa na Bwana. Anamwoa na kumpeleka shambani kwake. Angel anatoroka. Michael anamfuata na kumrudisha, naye anatoroka tena.

Kupenda kitabu si kufumba macho, kwa hiyo niseme kasoro zake. Ya kwanza ni ndoa yenyewe. Inafungwa wakati Angel amepigwa vibaya, yuko kitandani, na fahamu zake si kamili. Mwandishi anatupitisha hapo haraka kwa sababu nia ya Michael ni njema. Lakini katika mkoa kama wetu, ambako mabinti wengi wameozwa bila kuulizwa, na wazee waliowaoza nao walidai nia njema, kanisa haliwezi kupita hapo haraka. Ridhaa ya mke ni sehemu ya ndoa, na hata sauti ya Mungu anayoisikia bwana harusi haiwezi kumjibia bibi harusi.

Ya pili, Angel ni mzuri mno. Kila anayemwona anaduwaa. Hosea hasemi neno hata moja juu ya uzuri wa Gomeri. Tukizoea kuona neema ikimfuata mrembo peke yake, tutafanya nini na yule mama aliyechakaa, mwenye kovu usoni, anayeosha vyombo nyuma ya baa? Ya tatu, Michael karibu hakosei. Mwanamke anayesoma anaweza kumaliza kitabu akimngoja mume ambaye hajazaliwa bado.

Pamoja na hayo, sehemu ya mwisho ya riwaya inamsahihisha shujaa wake mwenyewe. Angel anaondoka mara ya mwisho si kwa kuyatamani ya kale. Anaamini Michael anastahili mke atakayemzalia watoto, jambo ambalo yeye alinyimwa na waliomtumikisha. Safari hii Michael hamfuati. Angel anakutana na Mungu huko huko San Francisco, mume wake hayupo, kisha anaanza kuwasaidia wasichana waliotoka katika maisha kama yake. Inapita miaka mitatu. Anaporudi shambani, anarudi kwa hiari na anamwambia mumewe jina lake la kuzaliwa, ambalo hakuwahi kumtajia: Sarah. Ile ridhaa iliyokosekana mwanzoni hatimaye imepatikana. Kwa kurasa hizo peke yake ningekisifu kitabu hiki.

Hata hivyo, mtu ninayetaka tumtazame kwa karibu si Michael. Ni Paul, shemeji yake. Paul anamheshimu Michael na kumdharau mkewe. Angel anapotaka kurudi mjini, Paul anakubali kumpeleka kwa gari lake, na njiani anadai nauli kwa mwili wake. Analipwa. Baada ya hapo anamchukia zaidi, maana sasa ana jambo la kumkumbusha uchafu wake mwenyewe.

Nimesoma mahubiri mengi juu ya Gomeri, na machache sana juu ya wanaume waliomlipa. Rivers amemweka mmoja wao ndani ya familia, mezani, akila chakula kilichobarikiwa. Danguro halisimami kwa kuwa kuna wasichana. Linasimama kwa kuwa kuna wanaolipa, na katika mji kama wetu wanaolipa hawatoki mbali. Wengine wana kadi za ushirika. Binti akipata mimba anatengwa na anakaa benchi la nyuma hadi atubu mbele ya watu, huku mwanamume akiendelea kuimba kwaya, na wakati mwingine ni yeye anayesoma matangazo.

Hapa ndipo Rosa Mistika inaporudi. Rosa alilelewa na baba aliyempiga vikali kwa sababu ya barua ya mvulana. Aliogopa wanaume, kisha alipokuwa mbali na nyumbani akaanguka. Anapojirekebisha na kupata mchumba, mchumba huyo, Charles, anagundua kwamba si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua. Kezilahabi hakuandika ili kutufundisha uasherati, kama wengine walivyodhani. Alituonyesha nyumba ambayo ina sheria nyingi na haina mlango wa kurudia. Rosa alikuwa amekwisha kutubu. Aliyekosekana ni mtu wa kumpokea.

Kwa hiyo nashauri vitabu hivi viwili visomwe pamoja. Anayesoma Redeeming Love peke yake atalia machozi matamu, na Jumapili atamkwepa yule dada aliyehamia juzi kutoka machimboni. Rosa Mistika itamwonyesha mwisho wa kukwepa huko. Kikundi cha vijana, au cha akina mama, kinaweza kuanza na Hosea sura ya kwanza hadi ya tatu, ambazo zinasomeka kwa dakika chache. Anayejua Kiingereza awasimulie wenzake riwaya ya Rivers kidogo kidogo, jioni baada ya jioni. Na akina baba wasiachwe nje ya mjadala huo, maana sura za Paul ni zao.

Paul mwenyewe anatubu mwishoni. Akisukumwa na mkewe, anakwenda kumtafuta Angel mjini, anamkiri kosa lake, na kumwomba arudi nyumbani. Hiyo ndiyo toba inayotufaa huku kwetu, inayomfuata mtu uliyemkosea hadi alipo na kumtaja dhambi yako kabla hujamtajia yake. Ina gharama. Hosea alitoa fedha, zikapungua, akaongeza shayiri ambayo nyumba yake ingekula.