Ufundi wa Nafasi ya 190

Bingwa wa Wimbledon huondoka na pointi 2,000. Bingwa wa shindano la M15, ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa kwa wanaume, huondoka na pointi 15. Kwa miaka mingi zawadi ya bingwa huyo ilikuwa dola 2,160, na aliyetolewa raundi ya kwanza alipewa dola 156, kabla ya kodi. Humo humo alipe hoteli, chakula, nauli na nyuzi za raketi, na kocha kama anaye. Wengi hawana.

Watu hushangaa kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu aendelee na kazi ya namna hiyo. Mimi nashangazwa zaidi na jinsi anavyoiweza. Anayekaa miaka kumi na tano kati ya nafasi ya mia na ya mia tatu duniani ana ujuzi ambao bingwa wa dunia hana haja nao, na pengine ameshausahau. Mfano ninaoupenda ni wa Marco Trungelliti, aliyezaliwa mwaka 1990 Santiago del Estero, jimbo la joto kali kaskazini mwa Argentina, mbali kabisa na Buenos Aires.

Tuanze na miguu, maana kwenye udongo mwekundu ndiyo inayotangulia. Anayejifunza hukimbia, husimama, hupiga, halafu ndipo huteleza kwa kushindwa kujizuia. Fundi huanza kuteleza kabla hajapiga. Mguu wa nje unatangulia, goti linakunjwa, soli inakwangua vumbi, na raketi inaukuta mpira mwili ukiwa unamalizia mwendo. Pigo linapotoka, kasi imekwisha naye yuko tayari kurudi katikati. Aliyeteleza baada ya kupiga amepoteza hatua mbili, na hizo hawezi kuzikomboa kwa mbio. Keti dakika kumi umtazame mtu wa nafasi ya 190 akifanya hivi, kisha umtazame wa nafasi ya 20. Ukiona tofauti, una jicho kali kuliko langu. Tofauti hujitokeza baadaye, kwenye sevisi ya pili wakati gemu iko mikononi mwa mpinzani, au seti ya tatu hesabu ikiwa nne kwa nne, ambapo mmoja anapiga ndani ya mstari kwa shibri moja na mwingine anatoa nje kwa shibri hiyo hiyo.

Uwezo wa kupiga ndani ya mstari Trungelliti aliuonyesha Roland Garros mwaka 2016. Alipita mchujo akiwa nje ya 150 bora, akapangiwa Marin Čilić, bingwa wa US Open wa mwaka 2014, akamtoa kwa seti tatu kwa moja. Wiki chache baadaye alikuwa amerudi kwenye mashindano yale yale madogo. Ushindi mmoja haumbebi mtu mwaka mzima, kwa sababu pointi huhesabiwa kwa wiki 52 kisha hufutika. Ulichochuma Mei mwaka huu, Mei ijayo unakitafuta upya au unashuka.

Hapo unaingia upande wa kazi hii ambao televisheni haiuonyeshi. Droo ya Roland Garros ina nafasi 128. Kati ya hizo, 104 hutolewa kwa viwango vya ubora, 8 kwa mwaliko, na 16 kwa wanaopita mchujo, ambao nao una watu 128. Kwa hiyo mpaka wa mkate uko karibu na nafasi ya 230. Ukiwa ndani ya mpaka huo, mara nne kwa mwaka unaingia mchujo wa mashindano makubwa, na hata ukitolewa mechi ya kwanza unalipwa maelfu ya euro. Ukiwa nje, ni zile dola chache za M15 na basi la kwenda mji unaofuata. Mchezaji wa ngazi hii anaishi na kalenda kichwani. Anajua shindano lipi linafunga orodha ya kujiandikisha wiki gani, nani kaumia, nani kahamia nyasi, wapi droo itakuwa nyepesi kwa kuwa safari ni ndefu na wenzake hawataki kuifunga. Je, aende Challenger, ngazi iliyo juu ya hizi za M, aanze na mchujo kwa pointi nono, au ashuke M25, hatua moja juu ya M15, ambako ataingia moja kwa moja na huenda akafika fainali? Uamuzi huo anaufanya karibu kila wiki, mara nyingi peke yake, kwenye simu, baada ya kushindwa.

Mei 2018 hesabu hizo zilimlipa kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Akiwa wa 190 duniani, alishindwa mechi ya mwisho ya mchujo wa Roland Garros na Hubert Hurkacz wa Poland, akarudi nyumbani Barcelona, ambako mama yake, ndugu yake na bibi yake aliyekaribia miaka 90 walikuwa wamekuja kumtembelea. Mwaka ule kulikuwa na kanuni mpya: mchezaji mgonjwa aliyejitoa kabla ya mechi ya kwanza alibaki na nusu ya zawadi ya raundi hiyo. Wagonjwa waliokuwa wakijikongoja uwanjani ili wasikose fedha sasa wakawa na sababu ya kukaa kando. Wakajitoa wengi, na nafasi zao zikajazwa na watu walioanguka kwenye mchujo, jina baada ya jina, kama vibarua wa bandarini wanaoitwa kwa orodha alfajiri.

Jumapili Nick Kyrgios akajitoa kwa maumivu ya kiwiko. Aliyetangulia kwenye orodha, Prajnesh Gunneswaran wa India, alikwisha kujiandikisha Challenger ya Vicenza, Italia, hivyo hakuruhusiwa. Aliyefuata alikuwa Trungelliti, na yeye hakuwa amejifunga popote. Hakuamini kwamba ndege au treni zingemfikisha kwa wakati, akakodi gari. Bibi alikuwa bafuni akioga. Akaambiwa atoke, wanakwenda Paris. Familia nzima ikajipakia, kilomita zipatazo elfu moja, saa kumi hivi barabarani, wakafika karibu na saa sita usiku. Kesho yake asubuhi aliingia uwanjani kama mechi ya kwanza ya siku, akamfunga Bernard Tomic wa Australia 6-4, 5-7, 6-4, 6-4.

Magazeti yalimpenda bibi, na nani asingempenda? Lakini narudia kuitazama ile seti ya pili. Mtu aliyelala saa chache, miguu ikiwa bado imekufa ganzi ya gari, anapoteza seti 7-5, halafu anarudi kucheza vile vile, mpira mrefu mzito kwenye pembe na mara moja moja ule mfupi unaodondoka nyuma ya wavu. Hakuongeza nguvu wala hakubabaika. Raundi ya pili alitolewa na Marco Cecchinato, ambaye siku chache baadaye alimtoa Novak Djokovic na kufika nusu fainali. Zawadi ya raundi ya pili mwaka ule ilikuwa euro 79,000. Mtu na apige hesabu ni zawadi za mabingwa wangapi wa M15 zinazoingia humo.

Kuna jambo jingine ambalo ni lazima nilitaje, kwa kuwa linagusa fedha. Mwaka 2015 Trungelliti alifuatwa na mtu aliyejitambulisha kama mfadhili, kumbe mpanga matokeo. Wanaowinda wachezaji wa chini wanajua ile hesabu ya dola 156 vizuri kuliko mashabiki. Trungelliti alikwenda kuripoti kwa kitengo cha uadilifu wa tenisi, akatoa ushahidi, na baadhi ya wenzake wa Argentina wakaadhibiwa. Mwaka 2019 alieleza hadharani jinsi alivyoanza kutazamwa kama msaliti katika vyumba vya kubadilishia nguo. Vyumba vya mashindano madogo ni vidogo kweli, na watu ni wale wale kila wiki. Ninahesabu kuendelea kuingia humo kuwa sehemu ya ufundi wake.

Sisi wa Afrika Mashariki si wageni kabisa wa ngazi hizi. Paul Wekesa wa Kenya aligusa nafasi ya 100 mwaka 1995, na Nairobi imewahi kupokea mashindano ya aina hii. Mwaka 2024 Challenger zilikuja Kigali, kwenye udongo wa Kicukiro, na Trungelliti alikuwa miongoni mwa waliofunga safari, akiwa na miaka 34. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, mpira unaruka mbali, na pigo ambalo Barcelona lingetua ndani ya mstari huko linatoka. Mzoefu huongeza mkazo wa nyuzi kidogo, hurefusha mazoezi ya siku ya kwanza, na huachia mpinzani asiyejua akosee mwenyewe.

Challenger zikija tena karibu nawe, usingoje fainali. Nenda siku za mchujo, ambapo viti ni vingi kuliko watu. Ukae nyuma ya mstari wa mwisho, maana ukiwa pembeni utakuwa unageuza shingo kufuata mpira. Usimwangalie mkono. Tazama mguu wa nje unaanza kuteleza wakati gani.