Vitabu vya mwalimu vilifunga karanga

Wandugu, yule mwalimu mzee wetu wa Uvira alituambia mara nyingi: "Nikifa, hivi vitabu vyote ni vya chuo kikuu." Alisema tu, hakuandika. Baada ya matanga watoto wakagawana kiwanja, vitabu wakaviuza kwa kilo. Siku moja nilinunua karanga sokoni, kufungua karatasi, naona mwandiko wake pembeni. Nilishindwa kuzila.

Siwalaumu watoto. Nalaumu siye wenye diploma. Mchango wa kilio tunatoa haraka, lakini mtu akitaja wasia tunaona anajiitia kifo. Eti tena kuachia chuo mali ni kazi ya matajiri! Oseola McCarty wa Mississippi, Marekani, alikuwa anafua nguo za watu; shule aliiacha mapema ili auguze ndugu. Mwaka 1995 ikatangazwa kwamba akifa, chuo kikuu kitapata kama dola 150.000 za akiba yake, kwa kusomesha wanafunzi wenye shida.

Na watoto? Kwetu Kongo, Sheria ya Familia ya 1987 inawatengea robo tatu ya urithi. Robo moja je? Wasia unaweza kuuandika mwenyewe: wote kwa mkono wako, tarehe, sahihi.

Ila vyuo navyo vijibu. Mjane akileta makartoni kumi ya vitabu, nani atamwandikia risiti? Vitawekwa wapi, maji ya mto Mulongwe yasivifikie kama Aprili 2020? Niliuliza hivyo kwenye kamati moja, wakacheka. Bado nangoja jibu.