Jongoo Bahari: Uhakiki wa Istilahi

Katika baadhi ya tafsiri za elimu ya viumbe tumekuta jina "tango bahari" likitumiwa kumtaja mnyama ambaye wavuvi wa pwani yetu humwita jongoo bahari. Hatuna budi kulikataa. Tango ni tunda, na mwanafunzi aanziaye hapo atatafuta mizizi na maua. Jongoo wa nchi kavu ana miguu mingi ya viungo, naye huyu ana vijimiguu laini vya mrija. Hata hivyo wote wawili ni wanyama na wote hutambaa.

Kasoro kubwa zaidi imo katika majina ya sehemu za mwili. Tuchukue familia ya Holothuriidae. Baadhi ya jamaa zake, wakichokozwa, hutoa kwa tundu la nyuma mirija inatayo ambayo humfunga adui. Mirija hiyo huota kwenye shina la matawi ya kupumulia. Mfasiri aiitaye "matumbo" amechanganya mambo mawili: kutapika matumbo ni tendo jingine, nalo hufanywa hata na familia ya Stichopodidae isiyo na mirija hiyo. Sisi twapendekeza "mirija-nato". Vivyo hivyo, wale wa jenasi ya Actinopyga wana vibamba vitano vya chokaa kulizunguka tundu hilo. Kuviita "meno" pasipo maelezo ni kumfanya msomaji adhani kuwa mnyama hutafuna kwa nyuma.

Je, haya ni mabishano ya maneno matupu? Sivyo. Mwaka 2019 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliamua kudhibiti biashara ya kimataifa ya spishi tatu za familia hii. Miongoni mwake zimo Holothuria nobilis na Holothuria fuscogilva, ambazo wavuvi huziita pauni mweusi na pauni mweupe. Afisa aandikaye "tango bahari" katika kibali hajataja spishi yoyote. Akitegemea umbo na rangi peke yake, mnyama aliyekaushwa atampoteza. Hapo chembe za chokaa zilizomo ngozini, zionekanazo kwa hadubini, ndizo shahidi.

Basi rai yetu ni hii: jina la mnyama liulizwe kwa mvuvi, jina la kiungo lifuate kazi yake, na pale sheria inapohusika, jina la Kilatini liandikwe kando. Walimu wa pwani, tuleteeni majina ya kwenu kabla hayajasahaulika.